Jino bovu la mwanao linaweza kuufikia moyo

Machi 20 kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, nasi tunaiadhimisha kwa namna ileile. Watoto wa shule hupangwa mstari, hugawiwa miswaki, mgeni rasmi husema maneno mawili kuhusu tabasamu na harufu ya mdomo, picha hupigwa, kila mtu hurudi nyumbani. Sina ugomvi na mswaki wa bure. Lakini katika hotuba hizo sijasikia mtu akimwambia mzazi kwamba jino lililotoboka la mtoto wa darasa la sita linaweza kumlaza hospitalini wiki nne akipewa dawa ya mshipa, au kumpooza mkono, au kumuua. Leo nataka tulizungumze hilo. Wazazi wengi hawajawahi kuambiwa, na mimi mwenyewe, nikiwa tayari na shahada ya udaktari, liliwahi kunipita mbele ya macho.

Ni miaka kama 12 sasa. Nilikuwa nafanya kazi katika hospitali moja ya nyanda za juu za Kigoma. Mambo machache nimeyabadilisha ili familia isitambulike, lakini kiini cha kisa ndicho hiki. Mama mmoja wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, alimleta binti yake wa miaka 12 aliyekuwa na homa kwa wiki sita. Haikuwa homa kali ya kuweweseka. Ilipanda jioni, usiku mtoto akalowa jasho mpaka shuka, asubuhi akaamka na nafuu na pengine akaenda shule. Alikuwa amekonda, macho meupe, anachoka akipanda kilima kidogo tu cha kwenda kuchota maji. Alishakunywa dawa mseto mara tatu. Katikati hapo walinunua amoksilini kwenye duka la dawa, akapata nafuu siku nne, kisha homa ikarudi palepale.

“Daktari, hii ni malaria sugu,” mama aliniambia.

Nikakubaliana naye. Kipimo cha haraka kilikuwa na mistari miwili, na huko Kigoma mistari miwili haimshangazi mtu. Nikamlaza, nikamwanzishia sindano za malaria, nikaendelea na wodi. Alfajiri ya siku ya tatu binti aliamka hawezi kuinua mkono wa kulia, na maneno yakawa yanamtoka nusunusu.

Aliyenifungua macho hakuwa profesa. Alikuwa tabibu mkongwe aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alimsalimia mama kwa Kiha, taratibu, kwa salamu ile ndefu ya Waha inayoulizia nyumba nzima mpaka mifugo, kisha akashika vidole vya mtoto na kuvigeuzia dirishani penye mwanga. Chini ya kucha kulikuwa na vistari vyeusi, vyembamba kama miba iliyokatikia ndani. Akaweka chombo chake kifuani upande wa kushoto, akanipa. “Sikiliza hapa, daktari.” Nikasikia mvumo, kama upepo unaopita kwenye upenyo wa mlango usiofungika vizuri. Siku mbili nzima mimi nilikuwa nimesikiliza mapafu tu, kwa kuwa alikuwa na kikohozi kidogo. Halafu mzee yule akamwambia mtoto afungue mdomo. Gego la chini lilikuwa shimo tupu, na kwenye fizi pembeni yake kulikuwa na kijipu kinachotoa usaha.

Mama akakumbuka. Jino lile lilimsumbua tangu kipindi cha kupalilia mahindi. Walimpa dawa za maumivu, likatulia, wakalisahau.

Niseme jambo moja kuhusu jino linalotulia lenyewe. Jino lililotoboka likiacha kuuma bila kutibiwa, usishangilie. Mara nyingi ni kwamba neva iliyo ndani yake imekufa, ndiyo maana mtoto hasikii tena maumivu. Bakteria hawajafa. Wamepata chumba chao chini ya mzizi, na wanaendelea na shughuli zao kimya kimya.

Wapangaji wa siku zote

Bakteria hao ni nani? Mdomo wa binadamu mwenye afya njema una aina zaidi ya 700 za bakteria zilizokwisha kutambuliwa. Miongoni mwao lipo kundi kubwa la streptokoki wanaoitwa viridans, jina la Kilatini lenye maana ya ukijani, kwa sababu maabara wakiwaotesha kwenye sahani yenye damu huacha duara la kijani pembeni yao. Tunawapata tukiwa wachanga, kwa busu la mama na kijiko cha bibi, na tunaishi nao mpaka tunazikwa. Hawana ubaya. Kwa sehemu kubwa wanatusaidia, maana wanajaza nafasi ambayo bakteria wabaya wangeitaka. Ukimpeleka mtoto maabara leo wakamkuta nao mdomoni, hiyo si habari. Asipokuwa nao ndiyo ingekuwa habari.

Tena wanaingia kwenye damu mara kwa mara. Unapotafuna muwa, unapopiga mswaki fizi zikatoa damu, daktari anapokung'oa jino, baadhi yao wanapenya kwenye mishipa. Kwa mtu mwenye moyo mzima hilo si tatizo: askari wa mwili wanawasafisha ndani ya dakika chache, na wewe hujui hata kama kulikuwa na mgeni.

Mambo hubadilika wanapokuta moyo wenye kovu. Ndani ya moyo kuna milango minne, tunaiita valvu, inayofunguka na kufungwa kila pigo ili damu iende mbele isirudi nyuma. Valvu nzima ni laini kama ngozi ya ndani ya shavu, na bakteria hawana pa kushika. Valvu iliyojeruhiwa ina mikwaruzo, damu inapita juu yake kwa vurugu, na juu ya mikwaruzo hiyo hujengeka tabaka jembamba la damu iliyoganda. Bakteria wa mdomoni wana gundi yao ya asili, ileile wanayotumia kung'ang'ania meno. Wakifika pale wananasa. Wanazaliana, damu inaganda juu yao, wanazaliana tena, mpaka panaota kitu kama uyoga mdogo unaopeperuka kwenye valvu kila moyo unapopiga. Askari wa mwili hawawafikii ndani ya lile ganda. Vipande vikikatika vinasafiri: kimoja kwenye figo, kingine kwenye wengu, kingine kwenye ubongo. Kile cha ubongo ndicho kilichomnyang'anya binti yule mkono wake alfajiri ile.

Ugonjwa huu madaktari tunauita endokadaitisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo. Kabla ya penisilini, aliyeupata alikufa, ilikuwa suala la miezi tu. Mwaka 1911 mtunzi mashuhuri wa muziki, Gustav Mahler, aliyekuwa na hitilafu ya valvu, aliugua homa zisizoisha akiwa New York. Madaktari wakamtoa damu, wakaiotesha, streptokoki wakaonekana. Walijua kabisa anaumwa nini na hawakuwa na cha kumpa. Alifariki Mei mwaka huohuo. Leo dawa tunayo, na ni ya zamani na ya bei ndogo. Tatizo letu ni lile ambalo madaktari wa Mahler hawakuwa nalo: sisi hatujui mgonjwa anaumwa nini.

Ndugu wawili wasiofanana

Sasa utauliza, mtoto wa miaka 12 alipata wapi valvu yenye kovu? Wengine huzaliwa na tundu au hitilafu nyingine ya moyo. Lakini katika nchi zetu sababu kubwa kwa watoto wa umri wa shule na vijana ni ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na chanzo chake ni streptokoki mwingine kabisa, yule wa kooni anayeleta mafindofindo. Majina yanafanana kama ya ndugu, na watu wengi huwachanganya, hata baadhi ya wahudumu wa afya.

Yule wa kooni huanza na koo linalouma na homa. Mtoto hupona baada ya siku chache, hata asipotibiwa. Wiki mbili au tatu baadaye, kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyomshambulia bakteria inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Leo goti limevimba, keshokutwa kifundo cha mguu, wiki ijayo kiwiko, kama vile maumivu yanahamahama. Wengine huanza kurusha mikono na kukunja uso bila kukusudia, kalamu inaanguka, mwalimu anadhani mtoto ana utundu na nyanya anadhani amerogwa. Hiyo ni homa ya rumatiki. Maungo hupona yote. Moyo ndio haupati kupona, na kila mafindofindo yanaporudi kovu linaongezeka. Zaidi ya watu milioni 40 duniani wanaishi na ugonjwa huu wa moyo, wengi wao katika nchi kama yetu, kwenye nyumba ambazo watoto watano hulala chumba kimoja na kukoholeana. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuukabili. Katika nchi tajiri umekuwa ugonjwa wa vitabuni.

Kwa hiyo wa kooni ndiye anayevunja mlango. Wa mdomoni, asiye na ubaya, anaingia baadaye akikuta mlango umeshavunjwa. Kati ya matukio hayo mawili inaweza kupita miaka, na mzazi hawezi kuyaunganisha asipoelezwa.

Kwa nini tunaukosa

Nimejiuliza mara nyingi nilikosea wapi, na jibu linawahusu wengi kuliko mimi.

Kwanza, malaria. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote ya Tanzania Bara: karibu mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka 5 aliyepimwa alikutwa nayo. Katika mkoa wa namna hiyo homa inaitwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hilo si kosa. Tatizo ni kwamba kipimo cha haraka tunachotumia kwenye zahanati kinatafuta protini ya mdudu wa malaria, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Mtoto aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili ya malaria iliyokwisha, huku homa ya leo inatoka kwingine. Homa ikirudi muda mfupi baada ya dozi kamili, omba kipimo cha hadubini, kile cha tone la damu kwenye kioo. Una haki ya kukiomba.

Pili, amoksilini ya dukani. Hapa naomba unielewe vizuri. Dawa ile haikumponya binti yule, lakini ilitosha kuwalaza bakteria kwa siku chache. Ili kumjua bakteria aliye kwenye damu tunachukua damu, tunaiweka kwenye chupa maalumu, tunasubiri aote. Tunachukua zaidi ya mara moja, kwa saa tofauti, na kabla ya dawa. Mgonjwa aliyekwisha kumeza antibayotiki, chupa hukaa siku tano bila kuota kitu, na daktari anabaki anakisia. Najua kwa nini wazazi wananunua vidonge. Duka liko hatua chache, hospitali ni nauli ya bodaboda na siku nzima ya shamba iliyopotea. Simlaumu mama wa Rungwe Mpya. Ninachosema ni kwamba homa iliyopita wiki mbili si homa ya kutibiwa dukani tena.

Tatu, sisi madaktari tumegawana mwili. Mdomo ni wa daktari wa meno, moyo ni wa daktari wa moyo, na mtoto yuko katikati. Tangu siku ile sijawahi kumaliza kumpima mtoto mwenye homa ndefu bila kumwambia afungue mdomo, na bila kusikiliza moyo wake akiwa ametulia. Inachukua dakika mbili.

Binti alianzishiwa penisilini na jentamisini za mshipa siku ileile, kisha akapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, safari ya kutwa nzima. Kipimo cha eko, ile ultrasaundi ya moyo, kilionyesha valvu yenye kovu la siku nyingi na uvimbe unaocheza juu yake. Kovu hilo mama hakujua lipo. Alikumbuka tu kwamba mtoto akiwa na miaka 8 alivimba magoti wakampaka mawese ya moto. Alitibiwa kwa wiki sita, jino likang'olewa hukohuko. Nilipomwona mwaka uliofuata alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto.

Je, kila jino bovu ni hatari?

Hapana, na sitaki ukalale bila usingizi leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu takriban bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa, na wengi mno kati yao hawatapata endokadaitisi kamwe. Katika nchi zenye takwimu nzuri huwapata watu 3 hadi 10 kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Ni ugonjwa wa nadra. Ila nadra hiyo haijagawanywa sawa. Mzigo unawaangukia wenye valvu zilizoharibika, waliowekewa valvu bandia, waliozaliwa na hitilafu za moyo, na waliowahi kuugua endokadaitisi hapo nyuma.

Swali gumu linakuja hapa, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Zamani kila mwenye tatizo la valvu alipewa antibayotiki kabla ya kung'olewa jino. Mwaka 2007 Chama cha Moyo cha Marekani kilipunguza orodha, kikabakiza wale wa hatari kubwa kabisa: wenye valvu bandia, waliowahi kuugua, na wenye baadhi ya hitilafu za kuzaliwa. Wenye valvu za rumatiki wakaondolewa. Mwaka uliofuata taasisi ya miongozo ya Uingereza ikaenda mbali zaidi, ikashauri isitolewe kwa yeyote, na mwaka 2016 ikalegeza kauli yake. Australia, yenye ugonjwa wa rumatiki mwingi miongoni mwa wenyeji wake wa asili, imewabakiza wenye valvu za rumatiki kwenye orodha.

Hoja ya waliopunguza ina uzito, na inamfaa mzazi kuijua. Walisema hivi: mtoto anang'olewa jino mara moja, lakini anatafuna na kupiga mswaki kila siku. Kama fizi zake zimevimba na meno yameoza, bakteria wanaoingia kwenye damu katika mwaka mmoja wa kutafuna ni wengi kuliko wa siku moja ya kung'oa. Kwa hiyo linalomkinga ni mdomo safi, kidonge kimoja hakitoshi. Nakubaliana nao. Lakini miongozo ile iliandikwa na watu ambao wagonjwa wao wanamwona daktari wa meno kila miezi sita. Mtoto wa Kasulu mwenye valvu ya rumatiki anamwona mara moja, siku ya kung'oa, akiwa tayari ana usaha. Mimi, kwa mtoto wa namna hiyo, nafuata njia ya Australia.

Wazazi wengine wakisikia hivi huogopa kung'oa. Mtoto ana moyo mbovu, kwa hiyo jino lisiguswe! Ni kinyume chake. Jino lenye usaha likibaki linatoa bakteria kila mlo, asubuhi na jioni, mwaka mzima. La kuogopa ni kuliacha.

Kosa jingine nalisikia kliniki kila mwezi: “Mwanangu anachomwa ile sindano ya penisilini, kwa hiyo yuko salama.” Sindano hiyo, ya kila wiki tatu au nne, ni nzuri mno, na usimkoseshe hata moja. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto 818 wenye dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Baada ya miaka miwili, kati ya waliochomwa sindano, 3 tu ndio hali yao iliyozidi, wakati kwa wasiochomwa walikuwa 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Lakini inamzuia streptokoki wa kooni. Haimzuii wa mdomoni. Tena, kwa kuwa mtoto anapata penisilini muda wote, bakteria wa mdomoni wanaweza kuwa wameizoea, na akihitaji kinga kabla ya kung'olewa jino huenda daktari akachagua dawa ya familia nyingine. Atachaguaje kama hujamwambia kuhusu sindano?

Tumefika wapi kama nchi

Tusijidharau. Upasuaji wa moyo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayofungua vifua vya watoto ambao zamani walisubiri ndege ya India. Wataalamu wake wanakwenda mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba. Ukisikia tangazo la kambi ya upimaji moyo mkoani kwako, na mwanao aliwahi kuvimba maungo au anachoka kuliko wenzake, mpeleke hata kama ni siku ya soko.

Kinachonisumbua ni mwanzo wa safari. Tunaweza kubadilisha valvu Dar es Salaam lakini hatuwezi kuziba jino kwenye kata. Katika vituo vingi vya vijijini huduma ya meno maana yake ni kung'oa, na mahali pengine haipo kabisa. Kuziba jino mapema ni kazi ya nusu saa. Wiki sita za dripu, rufaa, eko, mama aliyeacha shamba na wadogo zake mgonjwa, hayo yote ni gharama ya jino lile moja.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mjadala mwingi unahusu mchango: kaya italipa kiasi gani, nani atasamehewa. Ni mjadala wa haki. Naomba tuongeze swali moja tunapokutana na diwani au mbunge: kwenye kitita, je, jino la mtoto litazibwa au litang'olewa tu? Na je, kuotesha damu na eko vimo kwa mgonjwa wa hospitali ya wilaya? Bima inayolipia upasuaji wa valvu na kukataa kuziba jino itakuwa inalipia ugonjwa uleule kwa bei ya juu kabisa.

Kuhusu kimeo na meno ya plastiki

Siwezi kuandika juu ya bakteria wa mdomoni Tanzania nikaruka haya mawili. Bado wapo wanaomkata mtoto kimeo kwa sababu ya kikohozi, na wanaochimbua fizi za mtoto mchanga anayeharisha kwa madai kwamba ana meno ya plastiki, au meno ya nailoni kama wengine wanavyoyaita. Vitu vyeupe wanavyovitoa si plastiki. Ni vichipukizi vya meno ya kawaida ya mtoto. Kikohozi kilikuwa cha kifua na kuhara kulikuwa kwa tumbo, na sasa mtoto amefunguliwa jeraha mahali penye bakteria wengi, kwa chombo kilichotumika kwa mwenzake. Tumewaona wakitoka damu isiyokatika, wakipata pepopunda, majipu ya shingo, bakteria kuenea mwili mzima. Bibi akisisitiza, mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza, mimi nibebe lawama.

Ya kufanya nyumbani ni machache. Mswaki mara mbili kwa siku, wa usiku usikose, kwa dawa yenye floraidi. Aliyezoea msuaki wa mti anaweza kuendelea nao, mradi ausage vizuri na afike kwenye magego, si meno ya mbele tu. Mtoto wa chini ya miaka saba au nane msaidie mwenyewe, mikono yake haijakomaa. Soda na pipi ziwe za sikukuu. Na ile hoja ya “ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe” naomba tuiache: gego la utoto hukaa mdomoni mpaka mtoto ana miaka 10 au zaidi, muda wa kutosha kuoza hadi mzizi.

Mpeleke hospitali, siyo dukani, mtoto mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na kukonda. Na kama aliwahi kuambiwa ana tatizo la moyo, usisubiri hata wiki. Kifua kikuu nacho huja hivyo, kwa hiyo wataanza kupima makohozi, na ni sawa. Ila mtoto akidhoofika ghafla upande mmoja wa mwili au kupoteza usemi, hiyo ni safari ya usiku uleule.

Msomaji mmoja wa Kibondo ameniuliza kwa ujumbe: mwanawe wa miaka 9 aligundulika ana tundu kwenye moyo, hajafanyiwa upasuaji, na ana jino linalouma, aende kung'oa au asubiri? Ndugu yangu, usisubiri. Nenda na kadi ya kliniki ya moyo, na neno la kwanza utakalomwambia daktari wa meno kabla mtoto hajakaa kitini liwe kuhusu tundu hilo na dawa zote anazotumia. Kama anahitaji kinga, ni dozi moja inayotolewa nusu saa hadi saa moja kabla, siyo vidonge vya wiki nzima. Mwambie akague na meno mengine siku hiyohiyo, ayazibe yanayozibika. Kisha wiki nne au tano zinazofuata ukimwona mtoto ana homa, usimpe kitu chochote cha dukani. Mrudishe hospitali, waeleze tarehe aliyong'olewa jino, na waombe wamsikilize moyo.